Risiva ya mtumba kutoka Japani: nichukue au niachane nayo?

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Tanga, namalizia nyumba na sasa nafikiria sebule. Kuna duka Kariakoo wananiuzia risiva (amplifaya ya spika za TV na filamu, si king'amuzi) ya Denon AVR-X2200W ya mtumba, imetoka Japani, haina boksi. Bei yake iko chini ya nusu ya risiva mpya, inakaribiana na saundibaa mpya ya wastani. Nyuma imeandikwa volti 100. Rafiki yangu mmoja anasema risiva ni mzigo, ya kwake ilikufa ndani ya mwaka. Mwingine anayo toka 2010 na haijawahi kufunguliwa. Nimsikilize nani? Na hizo wati 95 zitaifikia sabufa ya jirani yangu iliyoandikwa wati 10,000? Halafu mke wangu hataki kusikia habari za rimoti tatu."

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kujenga.

Nianze na jibu lenyewe usije ukachoka njiani: ichukue, ila uwe umeijaribu mwenyewe pale dukani nusu saa nzima ikiwa na spika, na hela ya stepdauni (transfoma ya kushusha volti) na ya gadi ya umeme uwe umeshaiweka pembeni kabla hujalipa. Kama hela ya hivyo viwili haipo, nunua saundibaa, utalala usingizi.

Sasa hao rafiki zako. Wote wawili wanasema kweli. Nimetengeneza redio na TV zaidi ya miaka 20, na risiva zimepita mezani kwangu nyingi kiasi kwamba nikiona tu mteja anavyoibeba naanza kukisia imekufa nini. Sijawahi kuletewa hata moja kwa sababu inaimba vibaya. Wanakuja na "haiwaki", "inawaka halafu inajizima", "inaimba lakini TV haioni kitu", "upande mmoja umenyamaza". Mtu huyohuyo aliyekuja amenuna, muulize habari ya sauti, atakuambia tangu aanze kuisikiliza hana hamu na spika za TV. Sifa na lawama zinatoka mdomo mmoja, kwa mashine moja.

Ni kwa sababu ndani ya lile boksi mna vitu viwili visivyolingana umri. Wewe mtu wa Tanga utanielewa nikisema risiva ni nyumba ya mawe iliyoezekwa makuti. Kuta zake ni amplifaya: transfoma nzito, kapasita mbili nene kama makopo ya maziwa, na transista zilizofungwa kwenye bati la kupozea. Ufundi huo haujabadilika sana tangu miaka ya 1970, na ukitunzwa unafika miaka 20 na zaidi bila kelele. Makuti ni bodi ya kidijitali iliyokaa nyuma: soketi za HDMI, chipu za kusoma Dolby na DTS (mifumo ya sauti za filamu), Wi-Fi. Hayo huchakaa upesi, na yakianza kuvuja mwenye nyumba anatangaza kwamba nyumba nzima imeanguka.

Hili halikuanzia kwetu. Onkyo walikuwa na modeli za miaka ya 2009 hadi 2012 zilizokuwa zinapoteza sauti kwa sababu ya chipu kwenye bodi ya kidijitali, ikabidi kampuni iongeze muda wa kuzitengeneza bure hadi mwisho wa 2018. Mwaka 2020 likaja jingine: Denon, Marantz na Yamaha walitoa risiva mpya zenye HDMI 2.1, chipu ya HDMI ikawa na kasoro, mtu akiunganisha mashine ya michezo ya Xbox Series X na kuweka picha ya 4K ya herzi 120, yaani picha 120 kwa sekunde, anapata kioo cheusi. Denon na Marantz wakatoa kiboksi cha kuunganisha katikati, Yamaha wakabadilisha bodi. Tazama visa vyote viwili: amplifaya haikuguswa. Hiyo unayotaka ni ya 2015, haimo katika kundi lolote kati ya hayo, na ina HDMI ya kutosha kwa king'amuzi na filamu za 4K za kawaida. Kama nyumbani kuna kijana wa michezo ya kompyuta anayetaka herzi 120, mwambie mapema hapo hatapata.

Kwa hiyo ukinunua ya mtumba, nunua amplifaya. Hiyo HDMI ihesabu kama nyongeza ya muuzaji.

Tuje kwenye hizo volti 100, maana hapa ndipo wengi wanapoumia siku ya kwanza. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 utasikia mlio mmoja tu. Fyuzi ikikuhurumia itakatika yenyewe, isipokuhurumia inaondoka na sehemu inayoiamsha mashine. Nimeletewa za namna hiyo zikiwa bado zina karatasi ya dukani, na karibu kila mara aliyechomeka si mwenyewe. Ni shemeji, ni mtoto, ni dada wa kazi aliyekuwa anafagia akaona plagi iko chini. Ndiyo maana nakuambia: siku ukiifikisha nyumbani, plagi ya ile risiva ifungwe kwa utepe kwenye stepdauni yake, isitoke.

Halafu stepdauni zenyewe zina siri yake. Nyingi zinazouzwa zimeandikwa 110, yaani zimetengenezwa zigeuze 230 kuwa 110. Tayari hapo mashine ya 100 inakula asilimia 10 zaidi. Usiku wa manane watu wamelala, umeme ukapanda kufika 250, upande wa pili unatoka karibu 120. Mashine itawaka, itaimba, hutajua kitu, ila transfoma inachemka na kapasita zinazeeka kabla ya siku zake. Tafuta stepdauni yenye tundu la 100 lililoandikwa hivyo, umwambie muuzaji aweke mita uone kwa macho yako. Na usichukue ndogo. Angalia wati zilizoandikwa nyuma ya risiva, chukua yenye uwezo mara mbili yake. Kama nyuma pameandikwa wati 500, chukua ya 1,000. Ukiishika baada ya saa moja iwe ya vuguvugu. Ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, ni ndogo, au muuzaji kakudanganya kwa stika.

Jambo moja linakupendelea: Japani mashariki wanatumia umeme wa herzi 50, magharibi wanatumia 60, kwa hiyo mashine zao za ndani huandikwa 50/60 na hazijali herzi zetu 50. Za kutoka Marekani mara nyingi zimeandikwa volti 120, herzi 60 peke yake. Zikija kwenye herzi 50 transfoma inaweza kunguruma na kupata joto kuliko ilivyopangiwa, hata volti zikiwa sahihi. Mtu akikupa nafasi ya kuchagua kati ya ndugu hao wawili wa mtumba, chagua Mjapani.

Redio ya FM isahau, au karibu usahau. Japani masafa yao yanaanzia 76 na zamani yaliishia 90, baadaye yakafika 95. Kila aliyeagiza gari kutoka huko anaijua hiyo shida. Utasikiliza redio kwa simu kupitia Bluetooth, maisha yataendelea.

Gadi ya umeme ikae ukutani, stepdauni ifuate, risiva iwe ya mwisho. Kinachoua sana si umeme kukatika, ni ule wa kurudi: unakuja na kishindo, unakatika, unarudi tena. Gadi inasubiri utulie ndipo inaruhusu. Lakini gadi haioni njia ya pili ambayo umeme huingilia, na wenye risiva wengi hawaijui. Mteja wangu mmoja wa Morogoro alikuwa amechomoa kila plagi sebuleni kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na radi. Alichosahau ni waya wa dishi. Radi ikapiga karibu, umeme ukashuka kwenye ule waya ukaingia kwenye king'amuzi, ukatoka kwa waya wa HDMI ukaingia kwenye risiva. King'amuzi kikafa kabisa. Risiva ikawaka, taa zote sawa, ila soketi za HDMI zote kimya. Bodi mpya ilikuwa haipatikani kwa bei ya akili, nikamwambia tuachane na HDMI: tukatoa sauti kwenye TV kwa waya wa mwanga, ule mwembamba wenye taa nyekundu, tukaiingiza nyuma ya risiva. Ilikuwa 2017. Bado inaimba mpaka leo. Nyumba ya mawe ile, makuti yameungua yote na watu wanalala ndani. Ukisikia ngurumo, chomoa na waya wa dishi.

Joto sasa. Hapa nitasema jambo litakalowaudhi wenye nyumba zao: kitambaa cha kufuma kikitandikwa juu ya risiva kinaiua. Ni kizuri, kina maua, kimefumwa na mama mkwe, lakini yale matundu ya juu ni pua ya mashine. Risiva hizi hazifanani na saundibaa. Hata ikiwa haipigi chochote inatoa joto. Iachie nafasi ya kiganja na nusu juu yake, usiifungie kwenye kabati lenye mlango wa kioo, na king'amuzi kisipandishwe mgongoni kwake. Nimefungua risiva nikakuta mjusi kafia kati ya miguu ya transista, kakauka kama ng'onda. Alifuata joto, akaunganisha nyaya mbili zisizotakiwa kukutana, wakafa pamoja. Mende nao wanapapenda hapo kupita jikoni. Kwa hiyo isiwekwe sakafuni, na mara mbili kwa mwaka ipulizwe vumbi kwa upepo ikiwa imechomolewa.

Na wewe uko pwani. Hewa ya chumvi ina ugonjwa wake maalumu, na ni rahisi kuutambua: ukiwasha kwa sauti ndogo, upande mmoja haupo. Unaongeza sauti, ghafla unaingia, unapunguza, unakaa. Kesho tena hivyohivyo. Watu wanasema spika imekufa, wananunua nyingine, tatizo lipo palepale. Ni rilei za spika, vile visanduku vidogo unavyosikia vinalia "tik" sekunde chache baada ya kuwasha. Ncha zake zimeota kutu nyembamba, umeme mdogo haupiti, ukiwa mkubwa unaichoma na kupita. Rilei mpya ni bei ya chipsi. Fundi atakayekuambia ubadilishe bodi nzima kwa dalili hiyo, mpe pole, toka.

Ndiyo maana nasema nusu saa dukani. Nenda na spika yako hata moja ndogo, waya wake, simu, na flashi yenye wimbo unaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Kabla haijawashwa, igeuze uangalie skrubu. Zikiwa zimekwanguka vichwa, ilishafunguliwa. Si dhambi, lakini uliza na bei ishuke. Inuse kwenye matundu. Harufu ya kuungua haifichiki hata kwa manukato. Iwashe, sikiliza ile "tik", halafu chomeka spika kwenye kila tundu moja baada ya jingine, chaneli zote saba, kwa sauti ndogo kwanza, ukisubiri ule ugonjwa wa rilei. Baadaye pandisha. Jaribu soketi za HDMI zote, si ile moja anayokuonyesha muuzaji. Taa nyekundu ikianza kupepesa na mashine ikajizima, ndipo usome lugha yake: kwa Denon, kupepesa polepole, kama sekunde mbili mbili, ni joto limezidi, kupepesa haraka, kama nusu sekunde, ni waya za spika zimegusana au amplifaya yenyewe ina tatizo. Chomoa spika zote, iwashe tena. Ikitulia, kosa lilikuwa kwenye waya. Isipotulia, irudishe kaunta na uage kwa heshima.

Ulizia pia kipaza sauti chake kidogo cha kupimia chumba. Mashine za mtumba hufika bila hicho, na muuzaji hajui hata kama kilikuwepo. Utakihitaji, nitakuambia kwa nini, na usikubali kupewa cha kampuni nyingine kwa sababu tundu linaingia. Kila kampuni imekipima cha kwake.

Umeuliza wati. Nilicheka, lakini swali lako ni la haki kwa sababu hizo stika zimetupotosha miaka mingi. Wati 95 za hiyo Denon zimepimwa chaneli mbili zikiwa kazini pamoja, kuanzia besi ya herzi 20 hadi mlio mwembamba wa 20,000, sauti ikiwa bado safi. Zile 10,000 za jirani ni za kitu kinachoitwa PMPO, ambacho hakina kipimo kinachokubalika popote. Mwenye kiwanda anaandika anachojisikia. Geuza ile sabufa usome nyuma inakula wati ngapi. Ukikuta 60, basi jiulize hizo nyingine zinatoka wapi. Na hata wati za kweli, kuziongeza mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, yaani unasikia kapandisha kidogo. Sebuleni, kwa mazungumzo ya kawaida, unatumia wati moja, mbili, hazifiki tano. Hizo zilizobaki ni za pale bomu linapolipuka.

Ila kwa besi jirani atakuzidi, wala usishindane naye. Tena kuna kosa ambalo wenye risiva mpya wanalifanya sana: wanaamini risiva inaendesha sabufa. Haiendeshi. Lile tundu lililoandikwa la sabufa linatoa ishara tu, sabufa yenyewe lazima iwe na umeme wake. Ukichomeka sabufa isiyo na amplifaya ndani utakaa unaitazama. Kama hela haijatosha kununua ya kueleweka, chukua sabufa yako ya zamani ya kawaida, hizi za spika mbili ndogo, ing'oe hizo ndogo, ipe waya kutoka kwenye tundu la sabufa la risiva, vitufe vyake viweke katikati. Haitakuwa ya sinema, lakini utashangaa. Hata ya jirani inafaa, akikubali.

Jambo jingine la spika: usiunge nyingi kwenye tundu moja. Nilikuwa na mteja mwenye kibanda umiza, siku ya mechi kubwa akafunga spika nne za omu 8 kwenye chaneli moja ili kila kona isikie. Nne zikikaa sambamba zinakuwa omu 2, na risiva za nyumbani hazikutengenezewa hivyo. Dakika ya 20 ya mchezo mashine ikajizima, watu wakadai hela zao. Mashine yenyewe haikuwa na kosa, ilikuwa inajiokoa. Wewe sebuleni anza na tatu mbele: kushoto, kulia, na ya katikati. Kama hela inabana, ibane kwenye za nyuma, si hiyo ya katikati, kwa sababu ndiyo inayobeba karibu maneno yote ya filamu. Malalamiko ya "muziki unapiga kelele, wakiongea sisikii" nusu yake yanaisha ukiwa na spika nzuri ya katikati na ukiipandisha desibeli 2 au 3 kwenye menyu.

Nusu iliyobaki ni chumba. Sisi tunajenga matofali, tunamwaga vigae, tunaweka madirisha makubwa ya aluminiamu, halafu tunashangaa sauti inavuruga. Simama katikati ya sebule yako tupu upige kofi moja la mikono. Ukisikia mlio unatetemeka hewani kama sarafu iliyoanguka, maneno ya filamu yatafanya vivyo hivyo. Zulia nene mbele ya kochi na pazia zito vitakusaidia kuliko kubadilisha risiva ya laki kadhaa kwa nyingine ya milioni.

Na kwa kuwa bado hujamaliza nyumba, naomba hili ulifanye wiki hii kabla jipsamu haijafungwa: pitisha nyaya. Hiyo mashine ina amplifaya saba, kwa hiyo inaweza kuendesha spika tano za pembeni na mbili za darini kwa ajili ya Atmos, ile sauti ya filamu inayotokea hadi juu ya kichwa. Hata kama darini hutaweka mwaka huu, waya ulale pale. Usinunue zile nyembamba nyekundu na nyeusi zinazouzwa kama waya wa spika, nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Nunua waya laini wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wa kawaida wa duka la umeme; hadi mita 10 hivi unatosha kabisa, na ukitaka raha weka 2.5. Paipu ya kupitisha HDMI kati ya TV na kabati iwe pana, kona zake zisiwe kali, maana HDMI ya leo ikifa utataka kuivuta na kuingiza nyingine bila kupasua ukuta.

Ukishafunga, ndipo kile kipaza sauti kinafanya kazi. Kiweke kwenye stendi, urefu wa masikio ya mtu aliyekaa, kisiegemezwe kwenye kochi. Zima feni, zima friji kama iko karibu, funga madirisha, na ungoje usiku bodaboda zipungue. Mashine itatoa milio ya "vup, vup" kwenye kila spika, na itakuomba upime hadi sehemu 8. Zipime zote, usichoke kwenye ya tatu kama wanavyofanya wengi. Mwishoni itakuletea umbali wa kila spika, na hapo kuna mtego: sabufa iko mita 3 lakini yenyewe inasema 5. Usisahihishe. Haipimi kwa futi ya fundi seremala, inapima muda, na sabufa huchelewesha sauti ndani yake. Ukirekebisha unaharibu. Unachoweza kurekebisha ni pale itakapokuambia spika zako ndogo ni kubwa. Wewe ziambie ni ndogo, na besi yote iliyo chini ya herzi 80 iende kwa sabufa.

Usitishwe na namba za sauti zilizo hasi. Watu wananipigia simu: fundi, imeandika toa 35, imeharibika? Haijaharibika. Sifuri ni sauti ya ukumbi wa sinema, kwa hiyo unahesabu umeshuka kiasi gani kutoka hapo. Nyumbani wengi wanakaa kati ya toa 30 na toa 20. Ukiifikisha sifuri na watoto wamelala, utalala kwenye kochi.

Uunganishaji wenyewe ufanye hivi, ndivyo nafanya mimi kwa mashine zote za umri huo. King'amuzi na vitu vyako vyote viingie kwenye TV. Kutoka TV kwenda risiva peleka waya mmoja tu wa HDMI, kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, yaani njia ya kurudisha sauti ya TV kwenye risiva. Hiyo ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo mashine yako inayo, na inapitisha hata Atmos ya Netflix kutoka kwenye TV. Kwa njia hiyo picha inakuwa kazi ya TV, ukibadilisha TV mwaka 2030 risiva haina habari. Kwenye mipangilio ya sauti ya TV na ya king'amuzi hakikisha haijabaki PCM, iweke Dolby Digital. Wengi wana spika tano na mwaka mzima wanasikiliza mbili kwa sababu ya mstari huo mmoja wa menyu. Nikikuta hivyo kwa mteja huwa namtoza kidogo, naona aibu.

Rimoti za shemeji yangu nimeziacha mwisho kwa sababu zinatatuliwa na waya huohuo. Kwenye risiva washa HDMI Control. Kwenye TV kitu hichohicho kina jina lake kwa kila kampuni: Samsung wanakiita Anynet+, Sony ni Bravia Sync, LG ni Simplink. Vikishaelewana, TV ikiwashwa risiva inaamka, ikizimwa inalala, na sauti unaipandisha kwa rimoti ya TV. Zinabaki mbili, ya TV na ya king'amuzi. Ile ya risiva itie kwenye droo, ila toa betri kwanza. Kwa joto la Tanga zitavuja, na siku utakayoihitaji utakuta springi zimeota unga wa kijani.